Ngege Zilizokataa Mafungu

Adhiambo mjukuu wangu, hapa Rusinga tuko wazima, na ng'ombe ya baba yako imezaa. Shangazi yako ananiandikia hii, anasema nipunguze stori. Mwache.

Ati mwalimu aliwapa namba kubwa mtafute inagawanywa na nini, ukajaribu mpaka ukalia, sasa unataka kuacha hesabu? Mimi dani yako sikusoma, lakini ngoja.

Nikiwa bibi mpya, mama mkwe alinipa beseni ya ngege thelathini na moja niuze Mbita. "Panga mafungu sawasawa, samaki isibaki." Nikapanga mbili mbili, moja ikabaki. Tatu tatu, moja. Tano tano, hiyo moja bado inaniangalia tu! Nikaogopa sana. Atasema bibi ya mtoto wake amekula samaki njiani. Na wamama wa soko wanacheka: "Nyar Karungu, wewe msichana wa Karungu, kwenu mnahesabu na vidole vya miguu?"

Mama mkwe akaja, akapanga mwenyewe kwa hasira, akapangua, akapanga tena. Mwisho akakaa chini kando yangu, akacheka mpaka leso ikaanguka.

"Mwanangu, si wewe. Hizi zenyewe zimekataa. Ni kuuza moja moja, ama beseni yote pamoja."

Sasa wewe, kama umejaribu kugawanya na namba zote vizuri na bado inabaki, usilie. Mwandikie mwalimu: imekataa. Pengine hiyo ndiyo jibu anangojea. Halafu ule, ulale.

Ni mimi, dani yako.