Fimbo ya Kaka

Jumatano, 20 Agosti

Nimefika. Mji mzima ni mtaa mmoja na kilima nyuma yake. Saa moja jioni kila taa hufunikwa kitambaa chekundu, hata ya duka la dawa, ili nyota zisiharibiwe. Mwenye nyumba ya wageni kanipa tochi nyekundu kabla ya kunipa ufunguo. "Babu, ukiwasha nyeupe hapa watakupigia mluzi!" Nimeipenda sheria hii. Miaka arobaini na mitano nimeishi ugenini chini ya taa za barabarani, mbingu yangu ikiwa na rangi ya chai iliyochacha.

Binti yangu kapiga simu. Kanikumbusha kwamba nina sabini na tatu, si kumi na saba. Nikamjibu: sikutolewa mtoto wa jicho, kulia na kushoto, ili nikatazame televisheni.

Kaka naye kaandika, toka nchi yake ya tatu ya ukimbizi: "Ukifika juu nipigie, Jicho. Uniambie Kilimia bado ina nyota ngapi."

Jicho. Bado ananiita hivyo!

Alhamisi, 21 Agosti

Mwongoza njia ni mwanamke wa miaka hamsini hivi. Wanamwita Kiberenge, kama kile kigari cha reli, na ukimwona akitembea huulizi sababu. Kila aliyepita miaka sitini na mitano humpima kwa njia yake: mnapanda pamoja ngazi mia mbili na kumi hadi tangi la maji, nawe unamsimulia kisa. Pumzi ikikatika kabla ya kisa kwisha, kilele utakiona kwenye kadi za posta.

Sikuwa nimeandaa kisa. Kikatoka chenyewe — kile ambacho sijamwambia mtu, hata marehemu mke wangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alitusimamisha uani, mimi na kaka, akatuonyesha Kilimia, kile kishada cha nyota. Mwenye macho makali ndiye angeongoza ng'ombe kisimani kabla ya kucha. Kaka akatazama sana, akasema sita. Mimi niliona ukungu tu. Lakini nilishamsikia mama akisema ziko saba. Nikasema saba! Baba akaichukua fimbo mkononi mwa kaka, akanipa mimi. Ndiyo niliyoondoka nayo usiku wa kukimbia. Ndiyo niliyoiegemea leo.

Ngazi ya mia mbili na kumi. Pumzi ninayo. Aliyesimama ni Kiberenge.

"Mzee, na kaka yako hajui?"

Hajui.

"Basi utapanda. Lakini ukifika juu utampigia simu, umwambie. Mimi nitaishika mwenyewe."

Ijumaa, 22 Agosti

Wingu. Magoti. Maji ya moto na chumvi kwenye beseni.

Mezani vijana wawili wenye mabegi makubwa walikuwa wakinong'onezana kwamba babu atashushwa mgongoni. Macho yangu ni mapya, masikio hayajawahi kuchakaa. Nikawaomba wanipitishie sukari.

Jumamosi, 23 Agosti

Kileleni, saa kumi na nusu alfajiri. Kwa miguu yangu! Naandika kwa mwanga mwekundu. Wale vijana wa sukari tuliwapita penye mawe, mmoja kakaa chini akifungua kiatu. Nikawaambia pole sana wanangu. Kiberenge alicheka hadi akajikwaa.

Hakuna mwezi. Sikujua kuna nyota nyingi hivi. Nilikuwa nimesahau kwamba giza lina kina.

Na Kilimia pale pale ilipokuwa juu ya ua wetu. Si ukungu tena. Punje, punje, kila moja peke yake. Nimehesabu kwa ncha ya fimbo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikarudia. Nikafumba jicho moja, nikarudia.

Sita.

Sita, kaka! Ulikuwa umeona sawasawa. Miaka sitini na minne, na leo ndiyo kwanza naona ulichokiona wewe. Nimepiga ukelele, mbwa wa bondeni wakajibu. Sijui kwa nini aibu hii inanipa furaha kubwa hivi.

Kiberenge kapanda juu ya jiwe, kainua simu kutafuta mtandao. Nimemwambia asubiri kidogo. Kasema amesubiri tangu kwenye tangi. Inaita. Fimbo nimeilaza mapajani. Inaita — kapokea. Kiberenge kaweka sauti kubwa. Kaka hata hajasalimu, anacheka tayari:

"Enhe, Jicho! Ngapi?"