Nyimbo Zako Hazikufutika, Mama

Mama yangu,

Kabla hata ya shikamoo, pokea hili kwanza, maana nimelibana kifuani tangu asubuhi: yule fundi wa Tarime alikosea. Nyimbo zako hazikufutika. Zipo. Nimezisikia mimi, mama mkwe wangu kazisikia, na mbuzi waliofungwa nje ya dirisha wamezisikia pia.

Sasa shikamoo, Mama.

Nimeolewa! Acha niiandike kwa mkono wangu, kwa sababu kila nikiiandika nafurahi upya. Nimeolewa na Makuru, yule yule kijana wa Ikoma uliyemuuliza dukani kama kwao kuna ugali wa kutosha kumshibisha Mkurya. Upo, Mama, nashiba. Akiwa kazini kwenye hoteli ya watalii kule hifadhini, ananipigia simu mchana kuniuliza nimekula nini, halafu ananieleza yeye kala nini, kwa urefu, kama anasoma taarifa ya habari. Akirudi nyumbani anakaa jikoni kunitazama nikimenya viazi. Namwambia, "Baba, huna kazi?" Anasema hii ndiyo kazi. Nampenda mpaka naona aibu mbele za watu.

Wapo waliosema ningesubiri. Eti kaburi lako halijaota nyasi na mimi nataka kuvaa shela. Niliwajibu kwamba rangi ya sare uliichagua wewe mwenyewe kabla hujaugua, sasa nimsubiri nani? Nikavaa. Nikacheza mpaka kiatu kikakatika. Nililia sehemu moja tu, na nitakuambia ilikuwa wapi.

Na kompyuta yako ninayo. Siku ya kugawa vitu vyako wazee walisema ibaki kwenye ukoo, binti anayeolewa haondoki na mali ya nyumbani. Nikasimama mbele yao wote nikasema nguo gawaneni, sufuria gawaneni, kompyuta naondoka nayo. Baba akainua kichwa akasema, "Mwacheni. Huyo amekulia chini ya meza ya hiyo mashine." Ni kweli. Pale dukani Kewanja nililala chini ya ile meza huku wewe juu unawaandikia vijana barua za kuomba kazi mgodini. Nikaifunga kwenye kitenge chako cha njano, nikaipakata njia nzima mpaka Ikoma. Wenzangu huingia kwa wakwe na vyombo. Mimi niliingia na kompyuta, na waliocheka nikawaacha wacheke.

Lakini nilikuwa nayo kama mtu aliyerithi nyumba iliyokwisha kuhamwa. Unakumbuka. Ulikuwa tayari huna nguvu, mashine ikagoma kuwaka, fundi akaenda nayo Tarime mjini kuipiga Windows mpya. Ilirudi inawaka vizuri, lakini uso wake ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa. Fundi akasema, huku anakunja waya, "Vya zamani ndiyo basi tena, mama." Ukauliza, "Hata nyimbo zangu?" Akasema hata nyimbo. Ukageukia ukutani.

Nyimbo zile za kumtoa bibi harusi, ulizokuwa ukizirekodi kwa simu nyuma ya kaunta wateja wakipungua, ukasema siku yangu ikifika sauti inaweza kukugomea. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ukacheka, ukasema hakuna neno, zipo kwenye kompyuta. Halafu na kompyuta ikasemekana haina kitu. Ukaondoka ukiamini hivyo. Mama, hilo liliniuma kuliko udongo wa kaburi lako.

Ndiyo sababu nililia pale nilipolia. Nilipokuwa natoka ndani, shangazi zangu walianza wimbo. Wakaenda vizuri, wakafika kwenye ule ubeti uliotunga wewe mwenyewe, wakakwama. Hakuna aliyeujua. Wakatazamana, mmoja akapiga kigelegele cha kuziba pengo. Mimi nimesimama mlangoni na maua yangu, na kamera inanitazama usoni.

Sasa sikia ya leo.

Mpiga picha wa Mugumu alimpa shemeji yangu Wambura flashi yenye harusi yetu yote, na akataka irudi kesho yake. Makuru anarudi Jumamosi, tumepanga kuitazama wawili, bega kwa bega, kwa hiyo ilikuwa lazima niihamishie kwenye kompyuta. Nikachomeka. Mashine ikakataa. Nafasi imejaa.

Wambura alisoma kompyuta Musoma, na akikaa mbele ya skrini anakunja mikono ya shati kama daktari wa upasuaji. Akafungua diski, akanionyesha mafolda ambayo sijawahi kuyaona. Mama, tulikaa miaka yote hiyo na mashine hii na hatukuwahi kuingia huko. Sisi tulijua pale mbele tu, kama wageni wanaoishia sebuleni.

"Haya ndiyo yanayokula nafasi, Shemeji. Unayajua?"

"Siyajui."

"Basi yanaondoka."

Lakini si yote. Folda linaloitwa Windows alisema nisiliguse hata kwa kidole, nikilifuta nitabaki na kabati la plastiki. Program Files nayo niiache, humo ndimo zinamokaa programu za kuchapia na kuchapishia. Akafika kwenye moja linaloitwa Windows.old, kubwa kupita mengine, akalipiga kofi kwenye kioo. "Hili ni takataka. Mabaki ya Windows ya zamani. Ukilifuta, kompyuta haitasikia hata baridi. Ni salama kabisa."

"Salama kwa nani?"

"Kwa kompyuta, Shemeji! Kwani kwa nani tena?"

Pale pale mkono wangu ukasimama, Mama. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anajibu swali la kompyuta. La kwangu lilikuwa jingine.

Nikakukumbuka ghalani kwa Bibi, siku ile ya kugawa vitu vyake. Ulitupanga mabinti wote mlangoni, ukakataza hata chungu kilichovunjika kisitoke kabla hujakitia mkono. Shangazi alikuwa ameshakitupa kibuyu kimoja cheusi kwa masizi. Ukakiokota kwenye majani. Ukatia mkono, likatoka jivu. Ukatia tena, jivu. Shangazi akakwambia unajichafua bure. Mara ya mwisho zikatoka mbegu za ulezi, Bibi alizifukia kwenye jivu wadudu wasizile. Tulikula uji wake msimu uliofuata. Ulisema mzigo wa marehemu hautupwi kwa kuutazama kwa nje, tia mkono kwanza.

Nikamwambia Wambura, "Silifuti mpaka nilitie mkono."

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Kompyuta siyo kibuyu! Mama! Mama, njoo umwone mke wenu!"

Mama mkwe akaja na unga mikononi. "Kuna nini?"

"Mkurya anataka kutia mkono kwenye Windows."

Akatutazama wote wawili. Hajui kompyuta hata kidogo, yule mama. Akasema, "Kwani akitia, mkono unakatika?" Mama, nilimpenda palepale.

Nikafungua. Ndani mlikuwa na nyumba nyingine nzima, vyumba vile vile: Windows nyingine, Program Files nyingine, na chumba kinachoitwa Users. Nikaingia humo. Nikaona kimeandikwa MAMA BHOKE.

Jina langu, Mama. Jina langu ndani ya jina lako, kwa herufi zako kubwa, maana hukupenda kamwe kubonyeza kile kitufe cha herufi ndogo. Ulivyofungua duka ndivyo ulivyoiambia mashine ikuite.

Nikabofya. Yakatokea maandishi kwamba sina ruhusa ya kuingia humo.

"Unaona?" Wambura akasema. "Hata yenyewe inakukataza."

Nilikasirika, Mama, nakwambia kweli. Niliwahi kukatazwa na wazee, nikakatazwa na majirani, sasa na bati hili? Nikasema kwa sauti, watu wa nje wakasikia, "Mimi? Mimi nisiwe na ruhusa ya kuingia kwa mama yangu?" Chini ya yale maandishi palikuwa na kitufe cha kuendelea. Nikakipiga hicho kitufe kama ninavyopiga mlango.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ukatambaa polepole, mpaka Wambura akaacha kucheka akasogea. Halafu chumba kikafunguka. Barua za vijana wa mgodini. Picha ndogo ndogo za vyeti, nyuso za watu wa Kewanja wamekaza macho. Na folda limeandikwa NYIMBO ZA BHOKE.

Nikabonyeza ya kwanza. Ukakohoa.

Ukakohoa, Mama, kikohozi cha uzima, cha kusafisha koo tu. Ukamwambia mtu, "Mwangalie Bhoke asije." Ukaanza kuimba. Katikati mteja akaomba fotokopi, nawe ukamjibu bila kuondoka kwenye mdundo, "Subiri, namuoza mtu hapa." Ukaendelea. Mama mkwe akakaa sakafuni na unga wake, akaanza kupiga makofi taratibu, akakufuata kama mlikua kijiji kimoja.

Na ubeti ule ukafika. Ule uliowashinda shangazi. Unawaambia wakwe kwamba mnayemchukua amefundishwa kupika, amefundishwa kulima, lakini kunyamaza hakufundishwa, msije kurudi kulalamika.

Mama mkwe akamgeukia Wambura. "Umesikia? Tulishaambiwa."

Nikalia, nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Nikazihamishia nyimbo kwenye simu yangu. Nikamtumia Makuru, nikamtumia Baba. Baba hakuandika kitu. Alipiga simu, nikawa nasikia sauti yako inaimba upande wake, kule nyumbani.

Wambura, ambaye naye kichwa chake ni kigumu, akafuta macho akasema, "Haya, vya mama umetoa. Sasa tufute hilo, flashi inarudi kesho."

Nikasema silifuti. Sijafungua vyumba vyote. Nitavitia mkono kimoja kimoja, hata nikikuta jivu.

"Na harusi utaiweka wapi?"

Nikatazama mafolda tunayoyajua. Mama, tangu kompyuta iingie nyumba hii, Wambura amekuwa akiipakia filamu za kutafsiriwa, zile za kupigana na kurushiana mabomu, mpaka hazihesabiki. Hizo sina shaka nazo, nimezisikia zikilipuka ukutani kwangu kila jioni. Nikazichagua zote.

"Shemeji! Shemeji, hiyo ya mwisho sijaimaliza!"

"Ni salama kabisa," nikamwambia. "Kompyuta haitasikia hata baridi."

Nikafuta. Harusi ikaingia yote, na nafasi ikabaki. Amekataa chai yangu ya jioni kwa hasira, halafu kaja kuinywa ikiwa imepoa.

Kwa hiyo, Mama, sikiliza ahadi yangu. Jumamosi Makuru akirudi hatutaitazama wawili. Nitamwita mama mkwe, nitamwita Wambura, nitawaita majirani wote waliocheka bibi harusi aliyekuja na kompyuta. Tukifika pale ninapotoka mlangoni, nitazima sauti ya video. Shangazi watafumbua midomo bila kusikika, na wewe ndiye utakayeimba, tangu mwanzo hadi ule ubeti, na fotokopi yako ndani yake. Kamera ilinionyesha nikitoka nyumbani bila mama. Nakataa. Jumamosi nitatoka tena, na safari hii mama yangu ananitoa.

Na siku nikimtoa binti yangu, mimi sitarekodi wimbo mpya. Nitaupiga huu.

Pumzika, Mama. Waliodhani umefutika wamekosea. Na wakwe wameshaambiwa.

Ni mimi mwanao,
Bhoke, mke wa Makuru. (Nimeiandika tena. Niache.)