Herufi Iliyokuwa Kati ya H na W

Ijumaa. Hapa Njombe ukungu umekaa tangu asubuhi, soksi nilizoanika juzi bado zinachuruzika, na mimi nimechoka. Nimechoka kuulizwa "kichwa kipi?"

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: marehemu mume wangu, Baba Upendo, alikuwa dereva wa lori la mbao, na alikusanya nishani za vita. Alizipata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Makambako, kabla hazijatumbukizwa kwenye gunia pamoja na misumari na majembe mabovu. Alisoma jina lililochongwa ukingoni, kisha akamtafuta mwenyewe au watoto wake, kila lori liliposimama. Akiipata familia, aliwarudishia. "Siyo yangu," alisema, "mimi nimeiokota njiani tu."

Alipofariki mwaka jana zilibaki nne kwenye bati la biskuti. Tatu zina kadi zilizojaa maandishi yake. Ya nne ni ya fedha, ina sura ya malkia kijana, utepe wa njano wenye mistari ya kijani, na kibati kidogo kilichoandikwa KENYA. Ni ya askari wa Keya, jeshi la Waingereza, mmoja wa waliopelekwa kupigana Kenya kabla ya uhuru. Ukingoni kuna namba, halafu YOHANI KICHWA.

Kadi yake ina maneno mawili tu. Yohani Kichwa. Na alama ya kuuliza.

Alimtafuta kwa miaka tisa. Mlangali walimwambia ukoo huo haupo. Akadhani ni jina la utani, labda mtu alikuwa na kichwa kikubwa, au akili nyingi. Aliulizia mpaka misibani, mimi nikimvuta koti kwa nyuma. Siku zake za mwisho, akiwa amelazwa Ilembula, alinishika mkono akasema, "Na Kichwa je?" Nesi akadhani kinamuuma, akamletea vidonge. Akavimeza, asimwaibishe dada wa watu.

Nikamwahidi. Nikamwambia nitampata.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mara ya nne kwenye ofisi moja hapa mjini niliyoambiwa wana majina ya askari wa zamani. Bwana wa mezani alianza kucheka kabla sijaketi.

"Shikamoo mama. Bado kichwa tu? Mwili haujapatikana?"

Wenzake wakacheka. Nikaitikia marahaba, maana ndivyo nilivyolelewa. Kisha akaniambia jina kama hilo halipo duniani, nilete uthibitisho kwamba ndivyo lilivyoandikwa.

Uthibitisho! Nishani ilikuwa mkononi mwangu.

Nilitoka bila kuaga. Nikaenda moja kwa moja Makambako kwa fundi saa aliye karibu na soko, yule mwenye kioo cha kubana jichoni. Nilitaka anisomee ukingo na kuniandikia alichokiona, ili Jumatatu nimtupie bwana yule karatasi mezani. Ndiyo, nimtupie. Nimeandika hivyo na sifuti.

Fundi aliigeuza nishani polepole, akakunja uso.

"Mama Upendo, hii uliisugua au uliikwangua?"

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Upendo.

Baba Upendo alipoileta nyumbani ilikuwa nyeusi, hata maandishi hayasomeki. Aliiweka kwenye bati akaondoka na safari zake za mbao. Mimi chombo cheusi sikivumilii. Kila Jumamosi, nikimaliza kuosha sufuria, niliichukua nikaisugua kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka malkia akang'aa. Miezi kadhaa. Nilidhani namfurahisha. Siku alipogundua alinipazia sauti, mara ya kwanza na ya mwisho katika ndoa yetu.

"Unafuta mtu!"

Akatoka nje akapasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Jioni akaniomba radhi, akavaa miwani, akakaa dirishani, akasoma alichoweza kusoma. Hatukuizungumzia tena.

Fundi akaweka karatasi nyembamba juu ya ukingo, akapitisha penseli taratibu. Zikatokea herufi. Kati ya H na W palikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hiyo kijistari chembamba kama unywele.

"Hapa palikuwa na I, mama."

KICHIWA.

Kichiwa! Nimekwenda harusi Kichiwa. Nimekula viazi Kichiwa. Mume wangu amepakia mbao huko sijui mara ngapi, na Yohani yumo mfukoni mwake. Karani wa jeshi alimuuliza mtu anatoka wapi, akakigeuza kijiji kuwa ukoo, na mimi nikamalizia kazi kwa gunzi.

Nilikaa kwenye kigoda cha fundi, masikio yananiwaka. Miaka tisa kwa herufi moja, tena ile iliyo nyembamba kuliko zote.

Nikampigia Mama Neema, tuliyeimba naye kwaya kabla hajaolewa huko.

"Kamwene, Mama Neema. Huko kwenu alikuwepo mzee anaitwa Yohani Kichiwa?"

"We naye! Huku nani ataitwa Kichiwa? Sisi wote ni Kichiwa."

"Alikuwa Keya."

"Aaa, Yohani Keya! Si ungesema hivyo tangu mwanzo. Alishafariki, siku nyingi. Binti yake huyu hapa uani kwangu tunapukuchua mahindi. Bibi Sayuni, shika simu."

Sikuwa nimejiandaa. Nilimwamkia, nikajieleza vibaya, nikaanzia katikati. Nikamwambia nishani ya baba yake ninayo. Halafu, kwa sababu nilishachoka kubeba, nikamwambia na habari ya majivu.

Nikamsikia akimwambia Mama Neema aache kupukuchua kwanza.

"Umesema umesugua kwa majivu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Akacheka. Kicheko cha mtu mzima, chenye kikohozi ndani. "Na sisi tulisugua kwa majivu. Mimi na mama, kila Jumamosi, ili baba aivae kanisani. Alikuwa anatugombeza, 'Nyie wanawake mtanimaliza!' Ilipotea kwenye msiba wake." Kisha akauliza, "Bado inang'aa?"

Nikamwambia inang'aa.

Sasa niko nyumbani, na badala ya kufurahi nimekasirika upya. Nani aliyeifuta ile I? Mimi? Sayuni? Mama yake? Hakuna atakayejua. Miaka yote hii nimebeba kosa ambalo huenda tuligawana wanawake watatu, na mtu pekee ninayetaka kumwambia hana simu. Baba Upendo, umeniacha na habari hii peke yangu. Kuni zile ulipasua bure.

Nimetoa kadi. Nimeiongeza I kwa kalamu yako. Haikutosha, nikaibana juu kama mwalimu anayesahihisha daftari, kisha nikakata alama ya kuuliza.

Kichwa kimepona.

Yule bwana wa ofisini sitampelekea karatasi yoyote. Acha aendelee kutafuta mwili. Kesho ni Jumamosi, na nitaondoka asubuhi kwenda Kichiwa, ukungu uinuke usiinuke. Sufuria zitanisubiri. Nishani nimeifunga kwenye kitambaa cha pamba, na sijaigusa na majivu, ingawa mkono, nakiri, umeniwasha.