Mashini ya Kakao Yenye Ulitoa Gujarat

Mupendwa papa,

Juzi prof wa géographie aliandika "Gujarat" ku ubao. Akauliza: "Nani anajua batu ba mukoa hii ya Inde banaishi na kazi gani?" Miye nilijua. Mukono yangu ikabakia chini ya meza. Unajua vile niko na haya. Ku barua, hapana mutu ananiangalia usoni.

Ningesema vile ulitusimulia, ukitoka kule kununua bitambaa: shamba ya pamba iko hapa, kiwanda ya nyuzi iko pale, ya kufuma iko nyuma yake. Bamama banapeleka maziwa asubui, mangaribi imekuwa siagi. "Sisi tunauzisha kakao ya Beni mu magunia," ulisema, "kisha tunanunua chocolat ya bengine. Tuko bapumbavu, Masika?" Nilicheka tu.

Safari ya mwisho ulirudi Butembo bila kitambaa hata moja. Ulileta mashini ya kusaga kakao. Bamama ba soko ya Mususa balikuchokoza: "Patron, sasa tutavaa chuma?" Ukabajibu: "Hapana kuvaa, mutakunywa!" Kisha ukaenda Beni kuvuna kakao ya kwanza mu shamba yetu. Batu ba silaha baliingia mu mashamba siku ile. Hatukupata mwili yako.

Mama alikatala matanga. "Mashini iko mu depo ya bitambaa," alisema, "basi mwenye kuileta iko njiani." Tulikuwa tunaipanguza vumbi kila juma, siku ya posho.

Mais papa, kakao yenyewe imeharibika. Benye banasubutu kufika ku mashamba banakata matunda mabichi, mbio mbio, juu ya woga. Hapana kufunika mbegu mu majani ya ndizi mpaka ichachuke, vile ulitufundisha. Jirani alituletea gunia moja. Tukaisaga. Ikatoka unga chungu, inanuka majani. Mama akaonja, akatema. Kisha akamwambia baba mudogo: "Ita basudeur, bale ba kuunga chuma. Baikate mashini, batengeneze milango."

Nilitaka kusema "Mama, bado." Nikaenda tu kuipanguza vumbi.

Leo balikuja. Wakati chuma ilianza kulia mu depo, mama alitandika mukeka chini, akavua viatu, akaikaa kama mwenye kufiwa. Bamama ba kanisa bakaanza kuingia, moja moja. Baba mudogo alisimama ku mulango, hakujua aende ku basudeur ao aikae ku matanga. Mama akaniita: "Masika, kuja. Ikaa karibu yangu."

Nimeikaa, papa.

Lala sasa. Hatutakungojea tena.

Binti yako wa kwanza