Kipimo Nilichokipanga Vibaya

Mjukuu wangu Paulina,

Marahaba. Huku kijijini Daudi tu wazima, bibi yako anavuna maharage. Unauliza ufanyeje, kwa kuwa mkuu wako wa kazi anataka upange kipimo cha umeme kisionyeshe hitilafu.

Nina hasira tangu niisome barua yako. Ujanani nilihudumia mitambo katika shamba moja la ngano kule Hanang. Kipimo chetu kilipangwa kupiga kengele umeme ukizidi. Meneja akaniambia, "Pandisha kiwango, kelele zinatuchelewesha." Nikapandisha. Wiki hiyohiyo umeme ukazidi, kengele isilie, mota ikalipuka, ikamuunguza mwenzangu Gwandu mikono yote miwili. Meneja akaandika kuwa ni uzembe wa Gwandu, nami nikatia sahihi kama shahidi.

Simkasirikii meneja peke yake. Mpaka leo Gwandu analishwa na mkewe.

Babu yako