Kiti cha Dirishani

Imbali, Pietermaritzburg
14 Julai 2009

Kwa dada yangu mpendwa Thokozile,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepungua uvimbe. Mimi nina nguvu kama ng'ombe dume. Juzi nimenyanyua injini ya gari peke yangu, waulize majirani. Watoto wanasoma, mke wangu ananuna lakini anapika. Mama je? Uliandika kwamba bado anamwota marehemu kaka yetu Mandlenkosi amesimama nje ya lango, koti limelowa, wala haingii. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Jumapili walituonyesha filamu pale ukumbini, ya yale mazungumzo ya siri ya kuumaliza ubaguzi wa rangi. Mambo hayo nayajua kuliko hao walioitengeneza, nikawaeleza walioketi karibu nami kwamba waziri mmoja wa Kizungu aliwahi kunishika mkono akaniomba ushauri. Mzee Ndimande, fundi viatu, akasema, "Wewe Bhekithemba, ungekuwepo kweli, hiyo siri ingefika sokoni kabla chai haijapoa." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Kisha akaonekana mtu wa kupeleka barua kati ya pande mbili, kazi ileile ya kaka. Kofia ileile, dada. Yumo ndani ya treni, askari anamhoji, abiria wanamchokoza, naye kimya, barua iko kifuani. Hakufungua mdomo hata mara moja. Nikatoka nje, nikaiacha filamu katikati.

Sasa soma taratibu, ukiwa umekaa. Unakumbuka mwaka 1990 mlinituma na tawi la umphafa, ule mti wetu wa kubebea roho ya marehemu, niende kwenye ile kona ya barabara walipomuulia, niiite roho yake, nije naye nyumbani. Nilimwita vizuri. Nilimwambia, "Mandlenkosi, twende, Mama anangoja." Nikakata tiketi mbili, nikamweka dirishani, tawi juu ya kiti. Masharti niliyajua: nisiongee na mtu yeyote ila yeye.

Ndani ya basi abiria mmoja akaanza kusema mazungumzo yale yalikuwa ya wakubwa waliokuwa wakila nyama ng'ambo, sisi wa huku hatukufanya lolote. Nilivumilia mpaka daraja la mto Tugela. Halafu nikafungua mdomo, na unanijua. Nikamwambia barua nilizipeleka mimi. Mimi, dada, siyo yeye. Abiria wote wakanigeukia. Hapo akapanda mama mmoja na kapu la kuku, akauliza kama kile kiti kina mtu. Utamu ulikuwa umenikolea. Nikaliokota tawi, nikasema, "Kaa tu, mama, hakuna mtu."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenu, na tawi tupu. Mlichinja mbuzi, Mama akaliimbia lile tawi, nami nikala nyama. Miaka kumi na tisa sasa.

Jumamosi naenda tena kwenye ile kona, na tawi jipya. Tiketi mbili nimeshakata. Mwambie Mama ukweli wewe, maana mimi mbele yake nitatia chumvi.

Nawasalimu wote hapahapa: Mama, shemeji, watoto, majirani, kila mmoja kwa jina lake. Nikifika langoni sitamsalimu mtu. Nanyi msinisemeshe, hata nikilia. Fungueni lango lote, mmkaribishe yeye kwanza.

Mdogo wako,
Bhekithemba