Miguu Mitatu ya Baba

Mpendwa Baba,

Sikuwahi kuliona goti lako. Nimekulia mikononi mwako, nimekufulia mashati, nimekupelekea maji ya kuoga mpaka mlangoni, lakini goti lako sikuliona. Pale mtaani kwetu Mkolani baba za wenzangu walikaa nje na bukta, vifua wazi, wakipunga upepo. Wewe ulikuwa mwalimu mkuu hata Jumapili mchana, hata kwenye joto la Oktoba: suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi, mkanda, soksi. Mama alikutania kwamba siku ya kiyama utamwomba malaika akusubiri uchomekee shati kwanza.

Na mimi nilikusalimia kama binti wa Kihaya anavyomsalimia baba yake, magoti chini, macho chini. Kwa hiyo nilichokijua vizuri kwako ni viatu, vile vyeusi vya ngozi vya kufunga kwa kamba. Ningeweza kuvitambua katikati ya viatu vya walimu wote wa wilaya.

Nakumbuka Kigongo. Kila Desemba tulipokuwa tunakwenda Muleba tulishuka kwenye basi tukasubiri kivuko, na foleni ikiwa ndefu ulitununulia mahindi ya kuchoma, halafu ukatuharibia utamu wake kwa maswali. Upepo huu unatoka upande gani? Kwa nini maji ya kule yana rangi nyingine? Aliyekosa aliambulia neno moja tu, "Rudia." Mama akisema waache watoto wale, ulimjibu, "Wanakula kwa mdomo. Masikio yana kazi gani?"

Halafu ikaja sukari, na kidonda kidogo kwenye kidole, kidonda cha kuchubuliwa na kiatu kile kile. Ulikificha ndani ya soksi kama ulivyoficha kila kitu, na tulipokuja kujua, mguu ulikuwa umeshaharibika mpaka kwenye kifundo. Ukakatwa. Daktari aliniambia goti limesalia, na kwa watu wa kazi yangu hiyo ni habari njema, kwa sababu mwenye goti lake anapanda ngazi na kushuka. Nilipokupa hiyo habari njema ulinitazama kana kwamba nimekutukana.

Uligoma kabisa kipande cha mwili wako kitupwe mjini. Baba Mdogo Kaijage akatoka Muleba kuja kukichukua, akaenda kukizika kibanjani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, pale ulipokwisha kujichagulia mahali karibu na baba yako. Mguu wako ukatangulia nyumbani.

Na hiyo, Baba, ndiyo kazi niliyosomea. Uliwaambia watu binti yako ni mhandisi, na wao wakadhani nachora barabara. Mimi natengeneza miguu bandia, ya waliokatwa chini ya goti: muundi, kifundo, unyayo. Kutwa nzima nimepiga magoti mbele ya watu nisiowajua, nashika vigutu vyao, natafuta kwa vidole mahali mfupa ulipo karibu na ngozi. Nimewashika wavuvi, mabibi wa sokoni, padri mmoja, mtoto wa shule. Nikajua sasa ni zamu yako, na nilikuwa na furaha ya ajabu ambayo sikumwambia mtu.

Ukakataa. "Mwanangu, kuna vitu binti hashiki."

Nikakwambia kule karakana mimi si binti, ni fundi.

"Ukishavua koti la kazi unakuwa nani?"

Mama naye akakuunga mkono, akasema baba havui nguo mbele ya mwanaye wa kike, iwe kwa dawa iwe kwa nini. Nilikuwa na umri wa mtu mzima na taaluma yangu, na bado nilitoka chumbani kwako kinyumenyume.

Ndiyo maana mguu wa baba yangu niliutengeneza nikiwa nyuma ya pazia. Masanja, mwenzangu wa karakana pale Nyakato, ndiye aliyekufunga bandeji za plasta na kuchukua umbo la kigutu. Mimi nilisimama upande wa pili wa kitambaa, nasikia maji yakichuruzika kwenye beseni. Masanja ni Msukuma, hawezi kukaa kimya na Mhaya mbele yake. "Mwalimu, nyie wenzetu mnaringa mpaka miguuni?" Nawe ukamjibu, "Kijana, Nshomile, Mhaya aliyesoma, hagombani na mtu aliyemshika mguu." Tulicheka wote watatu, mimi nikiwa nimejiziba mdomo na koti.

Kutokana na umbo lile nikakutengenezea kikombe, yaani ile sehemu ya plastiki inayokishika kigutu, nikakiunga na muundi na unyayo. Mguu wa kwanza uliurudisha kwa Masanja na ujumbe nilioujua tangu utotoni. Rudia. Unyayo ule ulikuwa wa kuvalia kiatu, na wewe ulitaka kuvaa ndala ndani ya nyumba yako. Nilikasirika siku nzima, kisha nikaona una haki. Nani huku kwetu anashinda na viatu nyumbani, ukiacha wewe? Na wewe mwenyewe ulikuwa umechoka navyo. Nikachora unyayo mpya wenye mwanya kati ya dole gumba na kidole cha pili, nikahangaika na mpira kwa sababu ulikuwa unachanika pale pale kwenye mwanya, mpaka nikapata ulioshika. Siku hizi wazee wengi wanauomba unyayo huo. Hawajui ulianza na ubishi wa mwalimu mmoja wa Mkolani.

Mbele yangu hukuusifu hata mara moja. Ni Mama aliyenisimulia jinsi ulivyokuwa ukisimama nje ya kanisa baada ya misa, unaugonga muundi kwa fimbo, unawaambia wazee wenzako, "Huu kautengeneza binti yangu. Hakosei. Haunibani hata kidogo."

Kila mgonjwa nikishamvalisha mguu namwomba atembee, kisha namuuliza kuhusu kikombe, "Kinabana wapi? Nionyeshe kwa kidole." Swali hilo naliamini kuliko vipimo vyote. Wewe nilikuuliza kupitia kwenye pazia, ukasema, "Hakibani." Baadaye ulipoanza kukonda nilipata wasiwasi, kwa maana mtu akikonda kigutu nacho hupungua, kikombe kikaanza kumgusa mahali pasipotakiwa. Nikakuuliza kwenye simu. Nikakuuliza mezani. Hakibani. Masanja akija kukukagua, una mgeni, au umechoka, au umelala.

Moyo wako ulisimama asubuhi, chai ikiwa mezani. Zaidi ya hapo kuhusu asubuhi ile siwezi kuandika.

Ubishi ulianza siku hiyo hiyo. Baba Mdogo aliposhuka kwenye gari alilia, akanawa uso, kisha akasema mguu wa plastiki haupandi kwenda Muleba. "Mguu wake uko kibanjani, niliufukia kwa mikono yangu. Tukimpeleka na huu tutamzika na miguu mitatu. Wazee tutawaambia nini?"

Mama hajawahi kumpandishia shemeji yake sauti, na siku ile pia hakuipandisha. "Shemeji, huo wa kibanjani ulimwangusha. Huu ulimpeleka kanisani. Atavaa huu."

Kesho yake wanaume wakaingia chumba cha maiti kukuosha na kukuvalisha suti. Sisi wanawake tukabaki nje. Masanja alikuwa Shinyanga kwenye msiba wa kwao. Tukasubiri, tukasubiri, kisha Baba Mdogo akatoka na mikono iliyolowa. Walikuwa wamejaribu kukuvalisha mguu bila lile ganda laini la ndani linalokaa kati ya kigutu na kikombe, ukawa unazunguka na kuchomoka. Alinitazama, akatazama chini. "Mwanangu, njoo. Huu umetushinda."

Nikaingia. Walikuwa wamekufunika shuka, wakaacha wazi mguu ule uliokatwa, na hapo nikaliona goti lako. Ni goti la kawaida, Baba. Lina kovu dogo la utotoni ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia. Ndilo hili ulilokuwa unanificha miaka yote?

Nikachukua mguu, nikatazama ndani ya kikombe. Upande wa mbele kulikuwa na kipande cha kitenge cha Mama, kimekunjwa na kushindiliwa. Nikaweka vidole kwenye kigutu chako, mara ya kwanza maishani mwangu. Pale kitenge kilipokaa, kwenye ncha ya mfupa wa muundi, palikuwa na sugu nyeusi, na kando yake ngozi iliyochubuka ikapona, ikachubuka tena. Ngozi ya namna hiyo naisoma bila kuelezwa. Kilikuwa kinabana. Kikombe kilikubana kila siku, na kila Jumapili ulisimama juu yake ukiwaambia watu hakibani.

Nikatoka na kitenge mkononi. Mama alikitambua kabla sijafungua mdomo.

"Alinikataza," alisema. "Alisema ukijua utataka kuona. Tena ameshawaambia watu wote binti yake hakosei, sasa atawaambiaje kinamuumiza?"

Nililia, Baba, nikalia kwa sauti mbele ya wanaume, na zaidi ya nusu ya kilio kile ilikuwa hasira. Kisha nikarudi ndani, nikauchukua mguu, nikaukumbatia, nikaanza kutembea kuelekea getini.

"Unaupeleka wapi?" Baba Mdogo akaniita. "Njia ni ndefu. Maiti haisubiri fundi!"

Mama akamjibu kwa niaba yangu. "Alisubiri kivuko pale Kigongo maisha yake yote. Leo na yeye asubiriwe."

Karakana ilikuwa tupu. Nikapima pale palipokubana, nikazungushia penseli, nikapasha plastiki joto mpaka ikalegea, nikaisukuma kwa nje na kibao cha mviringo, nikaishikilia mpaka ikapoa. Ni kazi ndogo. Ukinionyesha kwa kidole, naimaliza kabla chai haijapoa. Nilijua kabisa kwamba haimsaidii mtu yeyote tena. Niliifanya, nikalainisha na ukingo, nikapangusa vumbi.

Niliporudi nilipiga magoti. Nikakuvalisha soksi ya kigutu, kisha lile ganda laini, kisha mguu, nikafunga mkanda juu ya goti. Nikapitisha kidole pembeni, kikapita vizuri.

"Kinabana wapi, Baba?"

Baba Mdogo akageukia ukutani. Nikasubiri kidogo, kama ninavyowasubiri wote, maana wapo wanaochelewa kujibu kwa aibu. Halafu nikainuka, nikawaachia wanaume suruali yako.

Kigongo hatukusubiri chochote. Daraja jipya lililochukua nafasi ya kivuko lilituvusha juu ya maji yale yote kabla sijamaliza kuyatazama, na Mama akagonga jeneza taratibu kwa vidole. "Mwalimu, tumeshavuka." Ukazikwa pale ulipochagua, karibu na mguu uliotangulia. Wazee hawakuuliza chochote.

Nimerudi kazini. Nina hasira nawe, nakwambia wazi. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ukatuadhibu tuliposhindwa kuitolea methali hiyo mfano, kumbe mfano ulikuwa unatufundisha umevaa soksi. Nakukumbuka mpaka mikono inauma. Nimefikiri sana kama ningekulazimisha, na kila nikifikiri nakuona ukiniuliza nikishavua koti la kazi nakuwa nani. Jibu nimelipata, ila limechelewa. Nilikuwa binti yako hata nikiwa nimelivaa. Ndiyo maana nilitaka kukushika.

Wiki hii alikuja mzee kutoka Sengerema na binti yake. Akamwambia binti asubiri nje. Nikamvalisha mguu, akatembea mpaka dirishani na kurudi, kifua mbele, nikamuuliza kinabana wapi.

"Hakibani, mama. Kazi safi."

Nikamshukuru, nikamketisha, nikaingiza vidole kati ya ngozi na plastiki. Akaruka, kisha akacheka kwa aibu. Kilikuwa kinabana, Baba. Nilikirekebisha akiwa amekaa pale pale, na alipokivaa tena alifumba macho tu na kushusha pumzi. Nikaenda nyuma ya pazia lako nikakaa huko mpaka nilipoweza kurudi.

Lala kwenye ubichi wa migomba yako. Viatu vyako amevichukua Baba Mdogo, vinamtosha. Ndala tulikuvalisha.

Shikamoo, Baba.

Ni mimi binti yako, fundi wa nyuma ya pazia